Chakula Kizuri Kilibaki Kantini

Ukiishi Lubumbashi, mji wa migodi wa Katanga, kusini mwa Kongo, kwa mkataba wa kampuni kama ninavyoishi mimi, hoteli kubwa utaizoea utake usitake. Wageni wa makao makuu wakija, mkaguzi wa hesabu akija, mnunuzi wa shaba akija, siku inaishia palepale: kitambaa cheupe mezani, glasi tatu mbele ya kila mtu, menyu ya Kifaransa na Kiingereza, bei kwa dola. Nimekula kwenye meza hizo kiasi cha kuwa na neno la kusema, na neno lenyewe ni hili: jikoni mwa hoteli hizo mna wapishi wa Katanga wanaojua kupika vyakula ambavyo mgeni hatavipata Paris, Johannesburg wala Dubai, na vyakula hivyo haviruhusiwi kuvuka mlango wa kuja mezani.

Sisemi hoteli ni mbovu. Vijana wanaohudumu wanaijua kazi. Anayemimina mvinyo huanza na wageni, mwenyeji humjia mwisho, na huzungusha chupa mkononi ili tone lisidondoke kwenye kitambaa. Mkate huokwa mlemle na huletwa ukiwa wa moto. Umeme wa mji ukikatika, jambo la kawaida hapa, jenereta linawaka kabla mtu hajamaliza alichokuwa akisema. Hayo yote watu wamejifunza kwa miaka na wanayafanya kwa heshima. Ndiyo maana jambo hili linaniuma. Uwezo upo.

Januari iliyopita nilikuwa mwenyeji wa jioni kama hiyo. Mezani tulikuwa na mhandisi Mbelgiji, bwana wa bima kutoka Johannesburg, na bosi wangu aliyekuja kwa safari ya kikazi. Mvua ilikuwa imenyesha tangu adhuhuri, mvua ile ya Katanga inayokuja na radi na kuacha barabara nyekundu zikitiririka. Mbelgiji akaagiza nyama ya ng'ombe yenye mchuzi wa uyoga. Bwana wa bima akachagua samaki wa Norway. Mimi nikafuata nyama, kwa sababu ya ule uyoga.

Sahani ikaja. Nyama ilikuwa imeiva vizuri. Uyoga ulikuwa wa kopo. Yeyote aliyewahi kuula anaujua: vipande vyembamba vya ukubwa mmoja, rangi ya kijivu, vinateleza chini ya uma, na nyuma ya krimu yote unaisikia chumvi ya maji ya kopo. Nikaweka uma chini. Mchana wa siku ileile nilikuwa nimerudi kutoka Kasumbalesa, mpakani na Zambia, na pembezoni mwa barabara akina mama walikuwa wamekaa na mabeseni yamejaa uyoga wa porini. Mwingine ulikuwa wa njano iliyokolea kama kiini cha yai la kienyeji, mwingine mweupe wenye kofia pana kuliko sahani niliyokuwa nikilia. Umefunikwa kwa majani mabichi, udongo bado uko kwenye mashina. "Mama, kamata, iko ya leo," mmoja aliniambia, akaninyanyulia fungu hadi dirishani. Nilinunua. Fungu hilo lilikuwa nyumbani kwangu wakati huohuo, mimi nikitafuna uyoga wa kopo uliovuka bahari kuja kwenye nchi ya uyoga, tena katikati ya msimu wake.

Nikamwita kijana anayetuhudumia. "Kaka, hamna uyoga wa hapa? Huu unaouzwa barabarani?"

Akainama kidogo, akashusha sauti. "Bowa iko, Mama, lakini ni ku kantini ya bantu ba kazi. Siye tulikula leo saa sita. Huku mbele bazungu habakulaka."

Nikawatafsiria wageni. Mbelgiji akageuka mzimamzima kwenye kiti. Akatueleza kwamba kwao, kwenye misitu ya Ardennes, alikuwa akitoka na baba yake kila vuli kutafuta uyoga wa njano wa aina hiyo, na kwamba mjini Brussels watu huulipia pesa nyingi kwa sababu hakuna shamba linaloweza kuuotesha. Alikuwa tayari kulipa papo hapo. Msimamizi wa ukumbi akaja, mstaarabu sana, akasikitika kwa dhati: chakula kile hakimo kwenye kompyuta, hakina bei, na kisicho na bei hakiwezi kutolewa wala kuandikiwa bili. Kwa hiyo chakula kizuri kuliko vyote kilichopikwa hotelini siku ile kilikuwa kimeliwa saa sita mchana, nyuma, kwenye meza za plastiki, na mgeni aliyekuwa akikitamani akamalizia krimu na mkate.

Nataka niueleze uyoga huu kidogo, maana wageni wenzangu wengi wanaupita barabarani bila kupunguza mwendo.

Lubumbashi imezungukwa na miombo, misitu ileile inayoanzia kwetu Tanzania ikapitia Zambia hadi Angola. Mimi ni mtu wa Mbeya, kwa hiyo hapa sijaikuta misitu migeni. Uyoga wa njano huishi kwa kushikamana na mizizi ya miti hiyo: mti unaupa sukari, wenyewe unaupa mti maji na madini kutoka udongoni. Ukate mti, uyoga nao umekwenda. Ndiyo sababu haulimiki. Ndugu zake wa Ulaya ndio hao wa Mbelgiji wetu, ukoo mmoja kabisa, Cantharellus. Ule mweupe wenye kofia pana ni habari nyingine. Wenyewe hulimwa na mchwa. Ndani ya kichuguu mchwa hutengeneza bustani ya kuvu kwa mabaki ya majani na miti waliyotafuna, na mvua kubwa zikianza, kuvu hao hutoboa udongo na kutoka nje wakiwa uyoga. Aina moja ya ukoo huo, Termitomyces titanicus, hufikisha kofia ya karibu mita moja kwa upana, na ndiyo inayotajwa kuwa uyoga mkubwa kuliko yote inayoliwa duniani. Vichuguu vya Katanga vyenyewe ni vya kuvishangaa, vingine vimeizidi nyumba kwa urefu, na watu huvichimba udongo wa kufyatulia matofali. Kuta nyingi za mji huu zimetoka kwa mchwa.

Mpishi mmoja wa hoteli, ambaye baadaye nilibahatika kukaa naye, alinieleza anavyoupika uyoga. Huuosha maji mengi, tena na tena, mpaka mchanga uishe. Kisu hakitumiki, uyoga huchanwa kwa vidole kufuata nyuzi zake. Kisha huwekwa sufuriani mtupu, bila mafuta, uchemke kwa maji yake wenyewe hadi yakauke. Hapo ndipo huingia kitunguu, nyanya, mafuta kidogo, na mwisho karanga zilizotwangwa laini, moto wa chini, ukikoroga pole pole hadi karanga zitoe mafuta. Huliwa na bukari, ndio ugali wa huku. Alinieleza haya akionyesha kwa mikono, kama vile sufuria iko mbele yake, na nikamuuliza kama amewahi kumpikia mgeni wa hoteli. Hajawahi. Kazi yake pale ni michuzi ya Kifaransa.

Sasa, desturi hii ya kuweka chakula cha wenyeji nyuma haikuanza na meneja wa leo. Mji huu ulianzishwa mwaka 1910 kwa jina la Élisabethville, kwa ajili ya shaba ya Union Minière, kampuni iliyoundwa mwaka 1906. Wazungu walikuwa na mji wao, Waafrika wakawekwa kwenye mtaa wao, ndiyo Kamalondo ya leo, na katikati pakaachwa eneo tupu la mita 700 lisilojengwa. Chakula nacho kiligawanywa hivyohivyo. Wafanyakazi wa mgodi walipewa posho ya unga, iliyopimwa kwa mizani ili mtu awe na nguvu ya kuchimba. Mezani kwa mabwana kulikuwa na mambo mengine. Jina la mji lilibadilishwa mwaka 1966, eneo tupu likajengwa, na leo kwenye meza za hoteli wanakaa Wakongo wenye mali kuliko huyo bwana wa bima niliyekuwa naye. Lakini menyu imebaki upande mmoja wa ule mpaka. Na Wakongo hao matajiri nao, nimewaona, wanaagiza samaki wa Norway, kisha Jumapili nyumbani kwa mama wanakula wanachokipenda.

Samaki wa Norway. Kutoka Oslo hadi hapa ni kama kilomita 8,000 kwa njia ya ndege. Kutoka Kasenga, kwenye mto Luapula, ni kama kilomita 200 kwa barabara, na Kasenga imelisha mji huu samaki tangu enzi za ukoloni, wakati Wagiriki walipoishika biashara hiyo na kuiletea migodi samaki kwa malori. Perege wa ziwa Mweru akifika mjini bado macho yake yanang'aa, huhitaji kumficha chini ya mchuzi wowote. Mpake chumvi na ndimu, mweke juu ya makaa, basi. Nimemla mara nyingi kwenye mitaa ya hapa mjini iitwayo Kenya na Katuba, kwenye benchi, kwa vidole, na sioni kwa nini asiliwe vilevile chini ya taa za kioo.

Najua majibu ya mameneja, maana nimezungumza nao, na sitaki kuyapuuza.

La kwanza ni usalama, na hili ni zito. Katanga ni nchi ya migodi. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Ubelgiji walichapisha matokeo ya kupima mkojo wa watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya madini, wakakuta kobalti, moja ya madini yanayochimbwa huku, kwa kiwango cha kutisha. Uyoga hunyonya kilichomo udongoni, kizuri na kibaya. Hoteli haiwezi kuokota tu fungu lolote barabarani. Nakubali kabisa. Ila hiyo ni sababu ya hoteli kuwa na wachumaji wake inaowajua, wa msitu ulio mbali na viwanda, na kupeleka sampuli maabara, jambo ambalo hoteli inaweza kulimudu na mama wa barabarani hawezi. Watoto wa Kenya na Katuba wanakula uyoga huohuo bila kipimo chochote. Kama hatari ni ya kweli, hoteli yenye fedha za kupima ingekuwa ya kwanza kutusaidia kuijua.

La pili ni kwamba vyakula hivi havipatikani mwaka mzima. Kweli, uyoga ni wa masika, na masika huku huanza Novemba hadi kama Aprili. Hoteli za Ulaya zinazojiheshimu hujivunia jambo hilohilo: hiki ni cha vuli, hiki ni cha masika, njoo upesi kabla hakijaisha. Ubao mmoja mlangoni unatosha.

La tatu, kwamba wageni hawataki, nimeshalijibu kwa habari ya Mbelgiji. Ataulizwa lini, kama menyu haimpi nafasi?

Kuna chakula kimoja hata hivyo ambacho nasita kukiombea meza ya hoteli, na ni kile ninachokipenda kuliko vyote. Ni kikanda. Wazambia hukiita chikanda. Ni viazi vidogo vya okidi vilivyokaushwa na kusagwa, vikachanganywa na karanga, pilipili na magadi, vikapikwa hadi vigande kama mkate wa kahawia unaokatwa vipande. Utamu wake ni wa taratibu, unaujua ukifika kipande cha pili. Lakini ukichimba kiazi umeua mmea, na okidi huchukua muda mrefu kukua. Kwetu kwenye uwanda wa Kitulo, Makete, nimeona athari zake: viazi vilichimbwa vikasafirishwa kwa magunia kupitia Tunduma kwenda Zambia, hadi mabonde yaliyokuwa yakijaa maua yakaanza kubaki majani matupu. Kitulo ikafanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005, na maua yale yalikuwa sababu kubwa. Hoteli za Lubumbashi zikikiweka kikanda kwenye menyu kwa bei ya dola, nani atazuia majembe? Mpaka mtu afanikiwe kukilima kwa wingi, nakiacha kibaki chakula cha sokoni na cha sherehe za nyumbani.

Uyoga sivyo ulivyo. Unachuma kinachoonekana, kuvu wanabaki chini, msimu ujao wanachipua tena, mradi miti ipo. Na miti ndiyo inayokwisha. Umeme ukiwa wa kubahatisha, mji mzima unapika kwa makaa, na kila gunia la makaa linaloingia Lubumbashi limetoka kwenye miombo. Mwenye msitu leo ana mnunuzi mmoja tu wa uhakika, naye ni mchoma makaa. Mama wa barabara ya Kasumbalesa hupata fedha kidogo kwa fungu, tena kwa kubembeleza madereva waliochoka foleni. Hoteli tano au sita zikiwa zinanunua kwa kilo, kwa bei iliyopangwa, kila wiki ya msimu, msitu uliosimama utaanza kuwa na thamani kwa watu wanaoishi ndani yake. Sidai kwamba sahani za wageni zitazuia mashoka yote. Nasema tu kwamba fedha tunazotumia mezani kwa jioni moja ni nyingi kuliko zinazofika vijijini kwa uyoga, na zinakwenda kwa kopo.

Viwavi vya miombo nao, vilivyokaangwa vikavu na kitunguu na pilipili, ningependa viletwe kwenye kibakuli kidogo pamoja na bia kabla ya chakula, mahali ambapo sasa huletwa zeituni. Asiyetaka ataacha. Asali ya miombo iwekwe kwenye kitindamlo. Bukari iwepo, na iwepo kwa jina lake, sio kufichwa kwenye bufee ya Ijumaa nyuma ya wali. Najua unga wake mara nyingi huvuka Kasumbalesa kutoka Zambia, na ukame ulipoikumba Zambia mwaka 2024 kila jiko la hapa lilihisi. Hainisumbui. Siulizii cheti cha kuzaliwa cha mahindi. Ninachotetea ni ujuzi wa mikono inayopika, na huo umezaliwa hapa.

Nikirudi kwetu sisi wenye mikataba. Menyu ya hoteli hufuata anayelipa, na wanaolipa ni kampuni zetu. Mgeni mmoja akiuliza uyoga ghafla saa mbili usiku, ataambiwa haumo kwenye kompyuta. Kampuni inayoweka meza ya watu kumi na wawili, ikapiga simu siku mbili kabla na kusema tunataka uyoga wa msimu, perege wa Mweru na bukari, itasikilizwa, kwa sababu meneja hatakubali meza hiyo ihamie kwa jirani. Mimi ndivyo ninavyoweka meza sasa. Mara ya kwanza nilijibiwa kwa kusitasita, wakaniuliza kama nina hakika wageni wangu ni watu wa kula hivyo. Nikasema nina hakika. Bei wakataka kuifanya ndogo, karibu nusu ya samaki wa Norway, kwa kuwa eti ni chakula cha kawaida. Nilikataa. Niliwaomba waandike bei ileile ya samaki, ili mchumaji alipwe vizuri, na ili mpishi anayejua kuosha mchanga wa uyoga asionekane mdogo kuliko anayejua kufungua kopo. Wakaniandikia kwa mkono kwenye karatasi, kompyuta bado ilikuwa haijui.

Yule kijana wa zamu alikileta chungu mwenyewe, kikiwa na mfuniko. Aliwaeleza wageni kwa Kifaransa uyoga umetoka wapi na umepikwaje, hakushusha sauti, na mmoja wao alipouliza kama yeye huula nyumbani, akasema ndiyo, mama yake huupika vizuri kuliko huu. Msimu unaanza tena Novemba. Wenzangu wa kampuni za migodi, za usafirishaji, za benki, mnaoweka meza za mwisho wa mwaka: pigeni simu mapema, kwa sababu uyoga haulali.